Majembe ya Jumanne na Ijumaa

Kila Jumanne na kila Ijumaa, saa moja asubuhi, Kavira alivua chuma. Alianza na funguo, zikaja saa, simu, mkanda, vibanio vya nywele, na mwisho sidiria, kwa sababu ile kulabu ya nyuma, ndogo kama jino la mtoto, ilitosha kumdanganya mtu anayetafuta Kaskazini iko wapi. Vyote alivitia katika ndoo ya plastiki mbali na njia, akajifunga kitenge bila pini, akaingia peku katika kijumba cha mbao kilichopigiliwa misumari ya shaba. Miaka kumi na tisa sasa. Mume wake alikwisha kuzoea. Mji mzima wa Bunia ulizoea kucheka.

Ndani kulikuwa na nguzo ya mawe, na juu yake darubini ya shaba ya kupimia sumaku ya dunia. Maana dunia yenyewe ni sumaku, tena isiyotulia: inacheza kidogo kila siku jua linapopanda, na mwaka hadi mwaka kaskazini ya dira inahama polepole, kama mpangaji anayehamisha vyombo kimojakimoja ili mwenye nyumba asijue. Kumvizia hakuna ujanja ila kupima palepale, miaka nenda miaka rudi, pasipo chuma karibu. Muzee Evariste, aliyemfundisha Kavira kazi, alipima hata risasi zikilia mjini. Kabla ya kufa alimwambia neno moja tu: "Mustari usikatike," yaani vipimo vifuatane bila pengo. Madaftari yake, yakipangwa moja juu ya jingine, yalimfika Kavira kiunoni.

Mwezi wa tatu watu waliokimbia kutoka upande wa Kpandroma wakaja kukaa kilimani hapo, kukizunguka kijumba. Familia sitini na mbili, vibanda vya miti vilivyofunikwa shitingi, ile plastiki nyeupe ya msaada. Kavira akazunguka na sumaku yake ya mfukoni akigusa kila kitu. Miti, sawa. Shitingi, sawa kabisa. Plastiki na sayansi hazina ugomvi. Sufuria za aluminiyumu, sawa. Lakini majembe na mapanga!

"Mama, siye tulikimbia mapanga ya kukata batu," Jemima akamwambia, mwanamke mrefu mwenye mtoto mgongoni. "Weye unakimbia ya kulimia?"

"Minakimbia hata sindano yako ya kushonea."

"Basi weye ni muoga kutupita siye yote!"

Wakacheka, wakapatana. Kila Jumanne na Ijumaa, kabla ya saa moja, chuma chote kilibebwa hadi ng'ambo ya mtaro: majembe, mapanga, baiskeli mbili, pasi ya makaa. Jemima akajifanya kapiteni wa shughuli, akipekua hata mifuko ya wanaume. Na Kavira alipotoka kupima, aliulizwa kama mtu anayetoka kwa mgonjwa.

"Mama, dunia inaamukaje?"

"Inaamuka muzuri, lakini imegeuka kidogo."

"Iko na mimba hiyo!" Jemima akadakia. "Inatafuta ubavu wa kulalia."

Mvua za mwezi wa tisa zikaja, na shitingi zilikuwa zimechakaa kwa jua. Alliance, binti mdogo wa Jemima, akaanza kukohoa kikohozi kisichokatika. Ndipo, siku ya Jumanne, Kavira akiisha kupima, kamyoni ya msaada ikapanda kilima imejaa mabati. Watu wakapiga vigelegele. Kavira akatoa sumaku yake, akaigusisha kwenye bati la juu. Ikanata, ta! Akaivuta, ikagoma.

Akashuka mbio kwa shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, Hippolyte, mzee mwenye tumbo na subira.

"Shefu, mabati yale yanaua kazi. Ni chuma, na haiwezi kutoka siku za kupima, mardi na vendredi."

"Ninajua, Mama Kavira. Muzee Evariste alinifukuza pale na baiskeli yangu, ningali kijana." Akamsogezea karatasi na kalamu. "Andika kama unapinga, utie sinyatiri yako chini. Kamyoni itageuka leo leo, itapeleka mabati kwa bengine."

"Na bale batu?"

"Batabaki na shitingi."

"Shefu, si mubapatie fasi ingine?"

Hippolyte akafungua dirisha. Nje, mji ulijaa watu hadi viwanja vya shule.

"Nionyeshe na kidole, mama. Fasi yoyote. Nitabapeleka mimi mwenyewe."

Kavira akanyoosha kidole. Kikatangatanga hewani, kikarudi. Kalamu akaiacha mezani, nayo ilikuwa ya chuma.

Jioni akamwandikia profesa wa Ulaya aliyepokea hesabu zake. Jibu likaja upesi, la heshima kweli: mabati yawe mbali mita mia moja, na kijumba kisisogezwe hata hatua moja, mstari usikatike. Kavira akacheka peke yake. Hayo alikuwa anayajua kabla profesa hajaota ndevu.

Kufika Alhamisi, mapaa sitini na mawili yaling'aa. La karibu, la Jemima, lilikuwa hatua kumi na mbili kutoka mlango wa kijumba.

Ijumaa saa moja Kavira akapanda kilima akiwa ameamua asipime. Akamkuta Jemima mlangoni pa kijumba, amelowa umande.

"Tumetoa yote, mama. Majembe, mapanga, baiskeli. Leo nilitoa hata pini ya nepi ya mutoto." Akaangalia paa lake, akaangalia tena chini. "Ile ya juu tu ndiyo haikuwezekana."

Ng'ambo ya mtaro watu walikuwa wamesimama karibu na majembe yao, wakimngoja. Kavira akavua saa. Akavua kila kitu, hadi kulabu, akaingia.

Alipima mara nne, kama alivyofundishwa. Mara nne kaskazini ikakaa pale ambapo yenyewe ingefika baada ya mwaka mzima wa kuhama. Akaandika hesabu bila kurekebisha hata moja, na mwisho wa mstari akaandika: mabati. Wino ukakauka. Hakufungua ukurasa mwingine; mstari wa Muzee Evariste uliishia hapo.

Nje, mvua ilianza kugonga mapaa. Ndani ya kibanda cha Jemima, Alliance alikuwa amelala, hakohoi.

"Mama, dunia inaamukaje?"

Kavira, amesimama mlangoni, akatazama paa la Jemima, akafunga kitenge chake vizuri.

"Imelala pakavu," akasema.

Wakacheka wote, wakaenda kuchukua majembe yao.