Neno Utani Halimo Kwenye Mwongozo

Kunegunda aliwachoka wagombea muda mrefu kabla hajawa mmoja wao. Ahadi zao zote anazo kichwani: bomba la maji la uchaguzi ule, taa za barabarani za uchaguzi uliofuata, na zile karatasi za uzushi zilizosukumwa chini ya milango ya kata yao ya Lizaboni, kwamba mpinzani wa fulani ni mchawi. Aliyezigawa alishinda, akaenda kanisani kutoa shukrani. Siku hizi karatasi ni ushamba. Uongo unakufikia kwenye simu ukiwa na sura yako, sauti yako, na kinanda cha huzuni kwa nyuma.

Wa kwake ulimfikia wiki ya mwisho ya kampeni za udiwani.

Mzee Gaspari, Mbena aliyeishi nao Lizaboni miaka yote, alikuwa akizikwa kwenye shamba lake kijijini Maposeni. Kunegunda ni Mngoni, kwa hiyo ni mtani wa Wabena, na mtani msibani ana kazi. Akavaa kofia ya marehemu, akashika fimbo yake, akajibwaga kando ya jeneza.

"Acheni kulia! Zee hili vivu, limekufa likwepe palizi!"

Mjane, Bibi Theodosia, alicheka mpaka akashikiliwa. Ndiyo kazi yenyewe.

Vijana wa Remmy, mgombea mwenzake wa pekee, walikuwepo wakirekodi kwa simu zao. Kwenye video wakaondoa kicheko cha mjane, wakaweka kilio cha mtu mwingine. Kisha mashine ya kuiga sauti ikaongeza, kwa sauti ya Kunegunda kabisa: "Na watu wa Lizaboni wote wavivu hivyo hivyo." Kufikia jioni video ilikuwa imeenea, na mteja wake wa vitenge alimpita sokoni kama anapita nguzo ya umeme.

Alilalamika kwa wenye mtandao. Wakamjibu wamepitia, hawakuona tatizo. Akaweka video nzima, mjane akicheka. Hiyo wakaifuta haraka, kwa kosa la kumdhihaki marehemu.

Ikabaki kamati ya maadili ya kampeni. Mwenyekiti wake, Mwalimu Eric, mtumishi aliyehamia Songea kutoka mbali, aliupenda mwongozo mpya wa maudhui ya mtandaoni kuliko chakula. Kunegunda aliingia na Bibi Theodosia. Remmy alikuwa ameshakaa, tabasamu limepigwa pasi.

"Video ya ndugu Remmy," alisema mwenyekiti, "ina maandishi kwamba imetengenezwa kwa teknolojia. Kanuni imefuatwa."

"Yako wapi?"

"Hapo kwenye kona. Sogea."

Kunegunda alisogeza simu mpaka ikagusa pua. Herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa.

"Kwa hiyo mwizi akiandika 'mimi mwizi' kwenye soli ya kiatu, mnamwachia?"

"Lugha, mama. Yako ndiyo haikuwa na maandishi."

"Yangu ni ya kweli! Niandike nini, 'samahani, hii ni kweli'?"

Remmy alikohoa kwa heshima. "Mwenyekiti, mimi naumia tu kwa ajili ya mjane."

"Mjane gani?" aliuliza Bibi Theodosia. "Mimi? Wewe kijana hata uji wa msiba hukunywa. Huyu ni mtani wangu. Asingemtukana mume wangu, ningesema kumbe tuna ugomvi."

"Hata kwetu utani upo, bibi," alisema Mwalimu Eric, akifunua kurasa. "Lakini neno utani halimo kwenye mwongozo." Akafunga. "Uamuzi: mgombea aiombe radhi familia ya marehemu kwa video, hapa hapa, leo. Asipofanya, jina lake linaondolewa."

Simu ikawekwa mbele yake. Maneno mawili tu: naomba radhi. Kisha abaki kwenye karatasi ya kura, apambane. Kunegunda alimgeukia mjane.

"Bibi, nifanyeje?"

"Ukiniomba radhi, basi ulimaanisha. Nami nitakuwa nimecheka tusi la kweli juu ya mume wangu. Utani kati ya nyumba zetu umekwisha. Chagua."

Kunegunda aliisukuma simu ikarudi kwa mwenye nayo. "Siombi radhi kwa kosa lililotengenezwa na mashine ya Remmy. Futeni jina langu."

"Basi ndugu Remmy amepita bila kupingwa," alisema mwenyekiti, na Remmy akapiga makofi peke yake.

"Simama, Mngoni!" alifoka Bibi Theodosia. "Babu zenu walituteka kwa mikuki. Wewe umetekwa na simu, aibu gani hii!"

"Nyamaza, ajuza wa Kibena, mumeo alikufa akikimbia mdomo huo!"

Mwalimu Eric aliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri: mgombea amekataa kumwomba radhi mfiwa. Mfiwa mwenyewe alikuwa amemshika mgombea mkono, wanashuka ngazi wakitukanana.