Mkono wa Baba Mkwe

Pikipiki ya Duncan ilikuwa imeua betri mbili ndani ya wiki tano. Alifika kwenye gereji yetu hapa Nyamira asubuhi akiisukuma, viatu vimejaa matope ya kwao Nyaramba.

"Mzee Ongeri, leo niokoe," alisema. "Mke wangu Nyanchera tumbo limeshuka. Uchungu ukianza, na mvua hii, gari haifiki kwetu."

Mzee Ongeri ni baba mkwe wangu. Mathew, mume wangu, alipoenda Nairobi kutafuta kazi, mzee alinileta gereji nimsaidie. Lakini sisi Abagusii tuna chinsoni, heshima ya wakwe. Mimi na yeye hatugusani. Akitaka spana, naiweka juu ya tairi, anaiokota hapo. Na mbele za watu simbishii.

Mzee alifunga betri iliyochajiwa, injini ikawaka. Nikaweka mita kwenye betri. Ilisoma volti kumi na sita na nusu, na inafaa iwe kama kumi na nne. Betri haikuwa na kosa. Regyuleta, kile kidude kinachozuia umeme usizidi, ilikuwa imekufa, na betri ilikuwa inapikwa.

"Inachaji?" Duncan aliuliza.

Mzee hakuitazama mita. "Nachomoa waya wa betri ikiwa inanguruma. Ikizima, haichaji."

Ndivyo anavyopima tangu zamani. Mwezi uliopita alipima hivyo pikipiki ya Momanyi, umeme ukaruka, ukachoma kile kisanduku kinachowasha plagi. Haikuwaka tena. Mzee alisema ni pikipiki mbovu. Mimi niliona, nikanyamaza.

"Baba, usichomoe," nilisema.

Injini ilimeza sauti yangu. Duncan tu ndiye aliyesikia. "Kumbe shemeji huongea!"

Mzee akainama, akashika waya. Nikamshika mkono.

Waendesha boda waliojikinga mvua mlangoni wakaacha kucheka. Mzee alivitazama vidole vyangu vya grisi juu ya ngozi yake mpaka nikaviondoa. Kisha akatoka, akasimama kwenye mvua.

Nilizima injini. Nilibadilisha regyuleta, nikawasha, nikapiga resi. Mita ikapanda hadi kumi na nne na kidogo, ikatulia.

"Iko sawa," nilimwambia Duncan. "Ila hizo taa nne za mbele, toa mbili, zinailemea regyuleta."

Mzee aliita kutoka nje, bila kugeuka. "Duncan! Mwambie huyo mke wa Mathew afunge gereji. Kesho arudi kwa mama yake."

Duncan alikuwa amekwisha kukaa kwenye pikipiki. Alinitazama, akatazama chini.

"Shemeji," alisema polepole, "mzee anasema..."

"Nimesikia," nilisema. "Nenda. Nyanchera yuko peke yake."