Jukwaa la Mgeni Rasmi

Mwalimu wa chekechea, ambaye wazazi walimwita Bibi Chaki kwa kuwa vidole vyake havikuwahi kuwa vyeusi siku za kazi, aliomba kitu kimoja tu: banda. Paa, nguzo, sakafu laini, na ukuta mfupi unaoishia magotini mwa mtu mzima, upepo upite, watoto waegemee. Watoto wake thelathini na wanne walikuwa wakisomea kwenye kivuli cha ghala, tena kivuli chenyewe kigeugeu, saa nne tu kimeshahama. Sasa ghala lilikuwa linabomolewa. Banda lisipopatikana, darasa linafungwa.

Kamati ikakubali kwa makofi. Balaa likaanzia hapo.

Mwenyekiti akamleta shemeji yake, mchora ramani, bwana wa viatu vya kung'aa. Ramani ikatandazwa mezani. Bibi Chaki akavaa miwani, akaifuata kwa kidole, polepole.

"Hapa ni nini, baba?"

"Jukwaa la mgeni rasmi, mama."

"Na hapa?"

"Njia ya mgeni rasmi kwenda jukwaani."

"Na hiki kijumba?"

"Stoo ya viti vya wageni."

"Na huku pembeni, padogo kama ungo, penye vitone?"

"Hao ndio watoto."

"Huyo mgeni anakuja mara ngapi?"

"Siku ya ufunguzi," Mwenyekiti akadakia. "Mwalimu, usituharibie shughuli. Watoto ni wadogo, watabanana."

Kamati ikacheka, ikapiga muhuri. Bibi Chaki akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaenda zake.

Jumatatu asubuhi fundi alipiga vigingi, akavuta kamba kama ramani ilivyotaka. Wanakamati walikuwa wamesimama wakingoja jembe la kwanza, na wazazi wamejaa uani. Bibi Chaki akatokea na darasa zima, wawili wawili, kila mtoto na kimkeka chake kwapani.

"Haya wanangu, kaeni pale penye vitone."

Walienea tisa. Wa kumi akamkalia wa tisa, wa kumi na moja akaangua kilio. Waliobaki wakamwagika kwenye njia, kwenye stoo, hadi jukwaani. Mmoja akajikojolea pale pale pa kuwekwa kochi la mgeni rasmi.

"Watoe!" Mwenyekiti akafoka.

"Niwapeleke wapi? Nionyeshe kwenye ramani."

Mchora ramani alichuchumaa, akapima mtoto mmoja kwa futi. Akapima tena.

"Shemeji," akanong'ona, "kochi nililipima. Hawa niliwatia vitone tu."

"Na vitone havina miguu," Bibi Chaki akasema.

Wazazi wakaangua kicheko. Fundi akaegemea jembe. "Mzee, nichimbe wapi? Jua linapanda."

Mwenyekiti akawatazama wazazi. "Zungushia hapo walipokaa watoto."

Fundi akang'oa vigingi, akavipiga upya nyuma ya migongo ya watoto.

Banda likaisha kabla ghala halijaanguka, bila jukwaa, bila stoo. Mwenyekiti aling'ang'ania kitu kimoja, kibao chenye jina lake, naye akapewa. Ila ukuta ulikuwa ule ule mfupi, fundi angekibandika wapi kwingine?

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi, na tai yake, akapiga magoti mkekani akisome kile kibao. Mwenyekiti naye akapiga magoti kando yake, suruali ikilalamika.

"Watoto," Bibi Chaki akasema, "wasogezeeni wageni nafasi kidogo. Watabanana."