Kitufe cha Kusimamisha Saa

Mimi ni mlinzi wa mchana katika jengo la ofisi hapa Doha, na mitihani sita ya majaribio ya kuingia shule ya biashara, niliyoifanyia kazini kwenye kompyuta, ilikuwa imenivimbisha kichwa. Katika wa mwisho nilipata alama 640. Shule ya biashara ya Nairobi ilitaka 600 tu. Mkataba mpya, miaka miwili mingine ya kulinda milango ya watu, niliuacha mezani kwa msimamizi bila sahihi.

Wiki moja kabla ya mtihani wenyewe, binamu yangu Damaris, nesi huko Al Wakrah, aliniita nifanye jaribio moja kwake. Nilipata 470. Hata chai yake ilinishinda kunywa.

"Kwani kazini hufanya aje, Levis?"

"Kama kawaida. Kila nusu saa nasimamisha saa ya mtihani, napiga doria. Napanda ngazi, nagusa vituo vyote vya doria ukutani, narudi naendelea."

"Na huko kwa ngazi unawaza nini?"

"Lile swali nimeacha."

Alicheka, na kicheko chake kiliniudhi. "Njia ya mwongo ni fupi. Mtihani wa masaa matatu na nusu wewe umeufanya siku nzima."

Nilimwambia hajui kazi ya ulinzi. Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli.

Jumapili nilimwomba msimamizi, Githinji, aniweke getini, ambako hakuna doria.

"Asiyetaka kuzunguka akalale kwake," alisema. "Na ule mkataba usaini, nafasi yako ina watu."

Nikaendelea kuzunguka na kusimamisha saa. Ningefanya nini?

Jumamosi nikaketi kwenye mtihani. Swali la kumi na tisa lilikuwa la pampu mbili na tangi. Nusu saa ilipogonga, miguu ilianza kuniwasha, ikitaka ngazi. Nilitafuta kitufe cha kusimamisha saa kama mjinga, nikijua hakipo. Nikabahatisha jibu. Baada ya hapo nilibahatisha mengi.

Skrini ilinipa 480.

Sikungoja lifti. Nilishuka kwa miguu, na kati ya ghorofa ya tatu na ya pili jibu la zile pampu likaja lenyewe, bila kuitwa: masaa sita. Nilisimama pale nikiwa na hasira za kulia. Kisha mkono wangu ukagusa ukuta, mahali ambapo kazini kwetu pana kituo.

Kesho yake nilitia sahihi.