Upepo wa Matairi ya Nyuma

Karakana ya Fundi ilikaa juu kabisa ya mlima. Uende kushoto utateremka, uende kulia utateremka, na mteremko wenyewe si wa mchezo. Ndiyo maana hakukosa wateja: hata mwenye gari jipya akifika pale humkumbuka Mungu kwanza, kisha matairi yake.

Asubuhi hiyo alikuwa akifuta vumbi kwenye kompresa ya kujazia upepo aliposikia gari likiingia uani taratibu, likivuta kitu kizito. Alipoinua kichwa hakuliona gari. Aliiona karavani.

Aliijua ile karavani kama anavyoijua mikono yake. Nyumba ndogo ya magurudumu mawili, ndani kitanda, jiko na mapazia ya bluu. Mapazia alishona yeye. Kitanda alikipigilia misumari yeye, huku mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bingwa kwa kujua kila kitu, akisimama mlangoni na kumkosoa. Walipanga kuzunguka nayo nchi nzima uzeeni. Kisha Fundi akasafiri kwenda kumzika mama yake, na aliporudi akakuta uani nyasi zilizokauka kwa umbo la karavani. Bingwa alikuwa ameondoka nayo, pamoja na mwanamke mwingine. Hata talaka ilikuja kwa ujumbe wa simu.

Na sasa huyo anashuka garini, kitambi kimetangulia.

"Kumbe karakana ni yako!" akasema, bila hata chembe ya haya. "Haya, nipunguzie upepo matairi yote. Tulilala kituo cha malori hapo jirani, nataka kuteremka kabla jua halijawa kali. Lami ikichemka, upepo unavimba, tairi linapasuka."

Fundi akachuchumaa nyuma ya gari. Karavani ilikuwa imelikandamiza gari mgongoni, na matairi ya nyuma yalikuwa yamejilaza kama unga uliozidi maji. Akapima kwa geji. Yalikuwa na upepo wa gari tupu, tena pungufu. Yakipunguzwa zaidi, yatakuwa yanakunjika na kukunjuka njia nzima, yatapata moto yenyewe, na katikati ya mteremko karavani itaanza kutikisa mkia. Ikishaanza hivyo, usukani ni pambo tu.

Ndipo wazo likamjia, akalikaribisha. Hakuhitaji kumfanyia hila yoyote. Katika ndoa yao hakuna siku Bingwa alifuata neno lake. Akimwambia mboga ina chumvi nyingi, anaongeza. Akimwambia kuna mawingu, anauacha mwavuli. Basi amwambie ukweli tu, mikono yake ibaki safi.

"Usipunguze," akasema, kwa ile sauti ya kufundisha aliyojua inamkera. "Ukivuta mzigo, ya nyuma yanaongezwa. Soma kibandiko pale kwenye mlango wa dereva: juu ni gari tupu, chini ni gari lenye mzigo. Na ya karavani yanataka upepo mwingi kuliko hata ya gari."

"Kibandiko kimeandikwa na watu wa kiwandani. Wanazijua barabara zetu?"

"Wanayajua matairi yao."

"Wewe hujabadilika! Leta geji, napunguza mwenyewe."

"Mwenyewe kabisa," akasema Fundi, akampa.

Bingwa akapiga magoti, akabonyeza valvu kwa ncha ya ufunguo. Upepo ukatoka, psii, ndefu. Fundi akafurahi. Kwa nini asifurahi? Alifurahi mpaka akajishika kiuno, akayatazama yale mapazia ya bluu na kuyaaga.

Kioo cha nyuma cha gari kikashuka. Mkono mwembamba ukatoka, kisha uso wenye alama za usingizi.

"Mwanangu, ni wewe? Nilijinyoosha kidogo, sikujua tumefika kwako."

Alikuwa mama yake Bingwa. Katika ukoo ule wote, ni yeye peke yake aliyekuja baada ya Bingwa kuondoka. Alilala kwenye mkeka kando ya Fundi wiki nzima, akampikia uji, na kila jioni alimtukana mwanawe wa kumzaa.

"Shikamoo, Mama," Fundi akasema, kisha akageuka kulitazama tairi.

Psii, upepo ulizidi kutoka. Amkataze? Akimkataza ataing'oa na valvu yenyewe. Fundi akachuchumaa karibu naye.

"Unajua, nimefikiria vizuri," akasema. "Uko sahihi. Punguza. Tena hapo bado, toa zaidi. Ya karavani nitakutolea mimi."

Bingwa akaganda, ufunguo mkononi.

"Umesemaje?"

"Nimesema uko sahihi."

"Tangu lini unakubaliana na mimi?"

"Tangu leo."

Bingwa akasimama, jasho limemtoka. "Unataka kuniua wewe mwanamke! Rudisha upepo! Wote, kama kibandiko kinavyosema! Nasimama hapa hapa nasoma geji."

Fundi akavuta bomba la kompresa. Akajaza ya nyuma mpaka kipimo cha mzigo, akajaza ya karavani, akakaza na nati za magurudumu. Kila tairi lililopanda lilimuuma. Bingwa alisoma geji kwa sauti, kifua mbele, ameshinda.

Mama akamshika Fundi mkono dirishani. "Mungu akubariki. Mimi naenda kukaa kwa wifi yako huko bondeni. Nimechoka na huyu. Wiki ijayo atarudi peke yake, hata yule mwanamke wake alishamkimbia."

"Peke yake?" Fundi akauliza.

"Peke yake na kikaravani chake."

Bingwa akawasha gari, akatoa kichwa nje. "Nikirudi nitapita hapa, uone kama nimekufa! Ulifikiri utanidanganya?"

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole.

"Pita tu, Bingwa," akasema. "Siku hiyo nitakwambia ukweli mtupu."