Uzi wa Abdurahim

Simpendi Abdurahim, na sitaki mtu asome haya akidhani nimeficha. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika mwiko, hapa hapa Majengo, tulipokuwa tukipiga sakafu za sementi nyekundu nyumba kwa nyumba. Kisha akaajiriwa na mkandarasi wa upande wa Parklands, akakaa huko miaka mitatu akipanga vigae kwenye bafu za Wahindi. Aliporudi alikuwa na suruali ya kaki iliyopigwa pasi na pima maji mpya, na mimi mwalimu wake akanitazama juu chini.

"Sementi nyekundu imekwisha, Kombo," aliniambia dukani, watu wamejaa. "Miaka mitano ijayo hakuna mwenye nyumba atakayeitaka. Jifunze vigae, la sivyo kashone akala za matairi Kariokor."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa hali ya hatari, mafundi wa Kikuyu walipopakiwa kwenye malori na kupelekwa kizuizini, sisi tuliobaki tulidhani kazi zote zitatuangukia. Nilifurahi hata mimi, Mungu anisamehe. Lakini Baraza la Jiji lilipoanza kujenga mitaa mipya, kazi zilikwenda kwa wakandarasi wakubwa wenye mashine za kukorogea zege, na fundi mwenye ndoo na mwiko hakuulizwa hata jina. Tukabakiwa na wamama wenye nyumba wa Majengo, na kati yao aliyefuatwa na wengine wote ni Bi Kibibi.

Bi Kibibi alikuwa mjane mwenye nyumba sita. Ile ya mbele, ambamo mwezi wa Ramadhani watu walizoea kukusanyika na kuswali tarawehe, aliamua kuitoa wakfu iwe msikiti mdogo. Akabomoa kuta za ndani, vyumba vinne vikawa ukumbi mmoja, na sakafu yake akasema itakuwa sadaka ya marehemu mumewe. Kila fundi alijua maana yake. Atakayepiga sakafu ile atapewa kazi ya nyumba zake tano zilizobaki, na wamama wengine wataiga. Kwangu mimi ilikuwa ama nipate kazi ile, ama nitafute kazi nyingine kabisa, na kwa umri wangu kazi nyingine ni ipi?

Nilimpelekea kipande cha sementi nyekundu nilichokisugua hadi unajiona uso. Abdurahim akapeleka vigae viwili, cheupe na chekundu. Bi Kibibi akavipapasa vile vigae kama anayepapasa kanga mpya.

"Baba, ukumbi nampa Abdurahim," akaniambia. "Wewe nipigie baraza ya nje."

Baraza! Nilimfundisha kazi mtu, na sasa yeye yuko ndani, mimi niko mlangoni. Niliikubali kwa sababu nyumbani kulikuwa na watu wanaokula.

Siku ya kwanza nilipita ukumbini kuchota maji kwenye bomba la uani, nikamkuta Abdurahim amekwisha funga uzi wake wa kunyooshea vigae. Aliufunga sambamba na ukuta wa mbele, kama alivyofundishwa Parklands. Mpango wake ulikuwa safu nne za vigae vyeupe, kisha mstari mwekundu, ili watu wasimame juu ya mstari na safu zinyooke. Ulikuwa mpango mzuri, sikatai.

Ila nyumba ile haikujengwa kuwa msikiti. Ilijengwa kufuata barabara, na barabara za Majengo hazijui kibla. Kila Ramadhani tulikuwa tukitandika mikeka mshazari, pembe yake ikielekea mlangoni. Abdurahim hakuwahi kuswali pale. Alikuwa akiswali msikiti mkubwa, ambako ukuta wa mbele ndio kibla, basi akadhani kila msikiti uko hivyo. Mihrabu, kile kishubaka cha imamu ukutani, ilikuwa bado haijachongwa, na Bi Kibibi alikataza mtu yeyote asiyekuwa fundi kukanyaga ndani mpaka vigae vikauke.

Nilisimama na ndoo yangu nikiutazama ule uzi. Neno moja tu lingetosha.

"Unatazama nini, mzee?" Abdurahim akaniuliza. "Unataka kujifunza?"

Nikachota maji yangu nikatoka. Nilinyamaza siku ile, na ya pili, na ya tatu. Na niseme wazi, kila nilipomsikia akigonga kigae na nyundo yake, moyo wangu ulistarehe.

Wiki iliyofuata milango ikafunguliwa kwa sala ya alasiri. Sakafu iling'aa, watu wakasema mashaallah. Maalim Mursal, imamu wetu, mzee aliyetusalisha pale Ramadhani zote, akasogea mbele na kusimama mshazari kama alivyozoea. Nyuma yake watu wakajipanga juu ya mistari myekundu. Alipogeuka kusema tunyooshe safu, akatuona sote tumempa bega.

Ikawa fujo. Waliomfuata Maalim waligongana na waliofuata vigae. Tuliswali safu zimevunjika, na tulipomaliza kelele zikaanza. Mmoja akasema tutandike mikeka juu ya vigae.

"Nimeweka sadaka ya mume wangu ili niifunike?" Bi Kibibi akalia mlangoni, machozi yanamtoka waziwazi. Abdurahim alikuwa amesimama pembeni na suruali yake ya kaki, mdomo wazi. Nilikuwa nimeingojea sura ile.

Nikajitokeza katikati. "Bi Kibibi, usilie. Ving'olewe. Mimi nitapiga sementi nyekundu, nichore mistari ya safu mshazari, sawa na kibla. Wiki moja tu."

Watu wakaitikia, "Kombo anajua kazi! Apewe Kombo!"

Bi Kibibi akapangusa macho kwa ncha ya leso.

"Kombo, wewe uliswali humu," akasema.

"Lini, mama?"

"Siku ya kwanza ya kazi. Abdurahim alikwenda kula. Mimi nilikuwa uani, karibu na dirisha la ukumbi, nikichambua mchele. Ulitandika gunia la sementi karibu na uzi wake, ukaswali adhuhuri. Uliswali mshazari. Nikasema moyoni, maskini, hata katikati ya kazi hamsahau Mungu wake." Sauti yake ikashuka. "Kwa hiyo uliuona ule uzi."

Ningeweza kusema sikuuona, lakini nilikuwa nimesimama juu ya sakafu ya msikiti, na Maalim Mursal ananitazama. Niliinamisha kichwa.

"Yeye hakujua," Bi Kibibi akasema. "Wewe ulimwelekea Mungu sawasawa, ukaniacha mimi nipotee. Abdurahim, ving'oe uvipange upya. Ukimaliza, uje tuzungumze habari ya zile nyumba tano."

Nikachukua kofia yangu. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita tena.

"Baraza yako ni nzuri, Kombo. Imetulia. Hapo ndipo tutakapovulia viatu."

Bado naswali pale, maana nikihama watasema zaidi. Mara tano kwa siku navuka baraza ile nyekundu niliyoisugua kwa mikono yangu, nikiruka akala na makubadhi ya watu. Mpira wa akala huacha alama nyeusi kwenye sementi nyekundu, na hazitoki hata ukisugua.