Mashahidi Wote Hawakufika

Kiangazi kile Smaranda alimwomba baba yake jambo moja tu: anyamaze. Mtihani wa kuingia kitivo cha sheria ulikuwa na sehemu mbili, sarufi na mantiki, na katika nyumba yao ndogo ya ghorofani, kwenye mji mdogo wa Tecuci, meza pekee iliyoweza kubeba vitabu vyake vyote ilikuwa ya jikoni. Na jikoni ndiko baba huyo, Costache, alikokaa kila akirudi kazini, mikono ikinuka grisi ya lifti alizotengeneza, anamenya kitunguu huku jicho liko kwenye kitabu cha mwanawe.

"Hebu soma hilo swali kwa sauti."

"Baba, nakuomba."

"Soma tu, nisikie."

"'Paka wote wanaruka angani. Miți ni paka. Kwa hiyo Miți anaruka angani.' Hoja hii ni halali."

"Halali!" Costache aliweka kisu chini. "Miți wa jirani hata kwenye kiti hapandi mpaka abebwe!"

"Hawaulizi kama ni kweli. Wanauliza, tukikubali kuwa ni kweli, kinafuata nini."

"Tukikubali! Ndiyo maana nchi hii imefika hapa. Watu wanakubali-kubali tu."

"Costache, mwache mtoto," alisema Aurica, mama yake Smaranda, bila kugeuka kutoka kwenye jiko lililokuwa likichemsha supu.

"Namsaidia."

"Unamsaidia kuzeeka."

Ikawa hivyo mwezi mzima. Smaranda akihamia chumbani, baba anabisha hodi na swali. Akihamia ngazini, majirani wanapita na kumwambia, "Mheshimiwa hakimu, tusogezee miguu." Siku moja, akiwa amerudia sentensi ileile mara kadhaa bila kuielewa, na baba yake kasimama nyuma ya kiti akipinga kila jibu, alifunga kitabu kwa kishindo.

"Basi fanya wewe! Nenda kajiandikishe, ukae kwenye dawati, ubishane na karatasi!"

Costache alikuna kidevu. Kesho yake alipanda treni hadi mji wenye chuo akiwa na cheti chake cha sekondari cha miaka ya nyuma na barua ya daktari ya kuthibitisha afya yake. Aliporudi, alikuwa ameandikishwa kufanya mtihani uleule.

Smaranda alidhani ni utani, hadi alipomkuta baba yake upande wa pili wa meza, na penseli nyuma ya sikio.

"Binti yangu, kiima na kiarifu ni kitu kimoja?"

"Mungu wangu," alisema Smaranda.

Sarufi ilimshinda kabisa. Lakini mantiki aliing'ata kama mbwa na mfupa, na mara mbili tatu Smaranda, kwa shingo upande, ilibidi afungue tena kitabu ili amjibu.

Siku ya mtihani waliingia ukumbi mmoja, wakaketi mbali mbali. Joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Walipotoka, Costache alikuwa mwekundu.

"Lile swali la mashahidi," alisema. "'Mashahidi wote hawakufika.' Umejibu nini?"

"Kwamba hakuna hata mmoja aliyefika. Ndilo jibu."

"Au kwamba si wote waliofika. Inasomeka njia zote mbili!"

"Baba, twende nyumbani."

Matokeo yalipobandikwa, Smaranda alikuwa amepata nafasi. Alikuwa karibu na mkia wa orodha ya wale wanaosomeshwa na serikali, lakini alikuwemo. Aurica alilia, akawapigia simu dada zake wote. Costache, ambaye sarufi ilimtupa chini kabisa, alimbusu mwanawe kwenye paji la uso. Hakusema kwamba asubuhi ileile alikuwa ameshapeleka malalamiko kuhusu lile swali.

Malalamiko yalikubaliwa. Kamati ya mtihani ilifuta swali na kumpa kila mtu alama. Waliokuwa wamekosea wakapanda, na Smaranda, aliyekuwa na alama hiyo tayari, akabaki pale pale huku wengine wakimpita. Orodha mpya ilipotoka, jina lake lilikuwa chini ya mstari wa waliopata nafasi.

"Ni wewe?" aliuliza. "Niambie si wewe."

"Sikufikiria kwamba..."

"Maisha yako yote unafikiria kwa sauti, mchana kutwa! Siku hiyo moja hukufikiria?"

Costache alikaa kwenye kiti. Aurica alizima jiko akatoka. Chakula cha siku hiyo hakuna aliyekigusa.

Smaranda alisoma nakala ya malalamiko aliyobaki nayo baba yake, akitafuta kosa, neno moja tu la kumrushia usoni. Hakulipata. Yalikuwa mafupi, yamejaa makosa ya tahajia, na yalikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Angekuwa katika kamati ile, naye angelifuta swali.

Wiki nzima alimjibu baba yake kwa kichwa tu. Kisha wale waliopata nafasi pia katika vyuo vya miji mikubwa wakaanza kujiondoa, kama ilivyo kila mwaka, na orodha ikasogea. Chuo kilimpigia simu akiwa sokoni na mama yake, wakichagua pilipili hoho za kuchoma. Alikuwa wa mwisho kabisa kuingia.

Alimkuta baba yake kwenye ngazi za jengo, akila mbegu za alizeti peke yake.

"Nimepata," alisema.

Costache alifungua mdomo, akaufunga. Akafungua tena.

"Usiseme kitu," Smaranda alimwambia.

"Sisemi."

Smaranda akaketi kando yake, akachota mbegu mkononi mwake.

"Mwakani nitajaribu tena," alisema Costache, akitema ganda. "Shida yangu ni sarufi tu."

"Baba!"

"Nimesema tu."